Kababu Bila Boflo

Nimewahi kulipwa kuandika resipe ya kababu ambazo sijawahi kupika. Mteja alikuwa ng'ambo. Alitaka kababu zisizo na nafaka yoyote, ndani ya mchuzi mzito wa nyanya uliochemka polepole, na juu yake kumbukumbu tamu ya nyanya mzaa mama. Nyanya huyo nilimtunga kwenye simu, kitandani Bongwe, bando ikikaribia kuisha. Nikampa na unga wa lozi, ambao hadi leo sijauona.

Kazi hizo ndizo zinanilisha tangu niache chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, halafu mimi mwenyewe nikakwama. Majirani wakiuliza, Mama husema niko likizo. Likizo ya miaka mitatu.

Mwaka huu Mama aliambiwa ana sukari, akashauriwa apunguze ugali, chapati na boflo. Wiki nzima alikula mchicha kimya kimya, kama aliyefiwa. Ndipo nikamkumbuka nyanya yangu wa uongo.

Nilipanda boda hadi Ukunda, nikarudi na nusu kilo ya kima. Kwetu kababu hushikanishwa na boflo iliyolowekwa. Bila hiyo niliona zitanimeguka. Mama, aliyekuwa akikamua tui la mboga, akanisukumia bakuli.

"Si uweke machicha? Kuku washakula ya kutosha."

Basi: machicha viganja viwili, yamekamuliwa hadi tone la mwisho. Yai moja, kitunguu thomu, tangawizi, dania, pilipili manga, chumvi. Usiikande nyama kama unga wa chapati, itakuwa ngumu. Changanya tu ishikane, lowesha mikono, viringa. Nyanya zilikuwa zishakaangwa na vitunguu hadi mafuta yakaelea. Nikazipanga kababu, nikafukia makaa kwa jivu, nikafunika. Mwiko hauingii mpaka zishike. Ukitaka kugeuza, inua sufuria uitikise.

Ubaya wa kupika polepole ni kwamba huna pa kukimbilia.

"Chuo hurudi," Mama akasema. Hakuwa anauliza.

"Sirudi, Mama."

Akaitikisa sufuria, akaiweka. "Na huko kwenye simu huwa waandika nini?"

Nikamwambia yote, hata nyanya wa kubuni. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na kwa muda sikujua kama bado ni kicheko. Kisha akaonja.

"Zataka ndimu. Na zaliwa na nini hizi?"

"Na mchicha."

Akaguna. "Huyo nyanya yako mwambie aandike machicha. Lozi atazitoa wapi?"

Jioni jirani alipita, akaniona, akauliza chuo chafunguliwa lini. Nikamtazama Mama. Mama akachukua sahani, akamtilia kababu mbili na mchuzi.

"Onja kwanza," akamwambia. "Hazina boflo."