Kijitabu cha Nukta Nyeusi

Siku hizi watu wengi hutumia simu ili kujirekebisha. Yahesabu hatua za miguu, sura za Biblia walizosoma, hata siku walizojizuia na pombe. Sisi walimu hatuvilaumu vyombo hivi, maana wazo lake si geni.

Katika miaka ya 1730, huko Philadelphia, Marekani, mpiga chapa Benjamin Franklin alijitengenezea kijitabu cha fadhila 13, kila moja na ukurasa wake. Kila ukurasa aliupiga mistari kwa wino mwekundu: safu 7 kwa siku za juma, na mistari 13 kwa fadhila. Jioni alijihoji, na palipo na kosa akatia nukta nyeusi. Wala hakupigana na makosa yote kwa mara moja. Juma moja aliilinda hasa fadhila moja, nyingine akiziandikia makosa yake tu. Alitanguliza kiasi katika kula na kunywa, maana kichwa kilicholemewa hakiwezi kukesha. Majuma 13 yakiisha, huanza tena. Ndiyo mizunguko 4 kwa mwaka.

Lililotupendeza zaidi ni jambo dogo. Kwa kukwaruza nukta za zamani apate kuanza upya, karatasi ikatoboka. Basi akahamishia mistari yake kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu, akatia nukta kwa penseli na kuzifuta kwa sifongo yenye maji. Kosa likafutika, chombo kikabaki kizima.

Hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya mafundi wa leo. Simu zao huhesabu siku mfululizo: mtu asome siku 40, kisha auguliwe na mtoto siku moja, hesabu yarudi sifuri. Tumewaona wenye bidii wakiacha kusoma kabisa kwa uchungu wa zile 40, kana kwamba waliyojifunza nayo yamefutwa. Kwa nini isiandikwe 40 katika 41? Wengine huipitisha sura machoni usiku wa manane, nusu wamelala, ili hesabu isikatike. Hao waitumikia simu.

Franklin mwenyewe utaratibu wa vitu na saa ulimshinda, na hata uzeeni alikiri hivyo. Baadaye alipitia mzunguko mmoja kwa mwaka, kisha mmoja kwa miaka kadha, mwisho akaacha, kwa wingi wa safari na kazi za ng'ambo. Lakini kijitabu alikichukua siku zote.