Semeli ya ndani ya kiatu cha barafu

Familia moja ya Wakongomani waliotoka Uvira, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, sasa iko Kanada. Binti yao wa miaka 12 amependa mchezo ambao bibi yake, aliyebaki kambini, hajawahi kuuona: kucheza na kuruka juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini. Alipata vya mtumba. Nusu saa tu, miguu ilimwaka katikati ya wayo na vifundo vikalala kwa ndani.

Mwalimu alishauri mtaalamu wa miguu anayetengeneza semeli kwa kipimo cha mtu. Bei: karibu dola 400. Mama alinyamaza. Hiyo ndiyo pesa ya kumtumia bibi, na kambini mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa. Huku nyumbani wengi hudhani aliyefika Kanada haulizi bei.

“Mama, tuache tu, nitavumilia,” binti alisema.

Mama alikataa. Aliyekimbia vita kwa miguu anajua mguu unaouma unakufikisha wapi.

Akamwendea fundi anayenoa vile vyuma. Fundi alianza na kiatu, si mguu. Ngozi ya kwenye kifundo ikishalegea, kiatu hicho kimekufa, semeli haitakifufua. Chuma nacho kikifungwa pembeni, mguu hulala, na dawa ni kukisogeza. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo akachomoa semeli ya kiwandani: kipande chembamba, bapa, hakishikilii chochote. Binti akalowanisha mguu, akakanyaga kartoni. Alama ikatoka nzima, karibu bila pengo upande wa ndani. Wayo wake ni bapa. (Jaribio hilo halihitaji barafu, hata kwenye sakafu ya kambi linafanyika.)

Dukani mama alivutiwa na semeli laini kama godoro. Fundi alikuwa amekwisha kumwonya: laini hubonyea, mguu unacheza ndani, na anayeruka anahitaji kisigino kilichotulia. Inatakiwa iliyo ngumu kiasi chini ya uvungu wa wayo, yenye kikombe cha kushika kisigino, na nyembamba mbele vidole visibanwe. Zile nene za viatu vya kukimbia huinua kisigino mpaka kinataka kutoka. Ya zamani hutolewa, haifunikwi; ndiyo kipimo cha kukatia mpya kwa mkasi, kidogo kidogo. Na mguu ujaribiwe na soksi ile ile ya kuchezea.

Waliyochagua iligharimu dola 50. Binti alianza na dakika 15. Wiki ya pili moto wa wayo ulipungua, ila kifundo cha kushoto bado kinalala kidogo. Kikiendelea, itabidi kumwona mtaalamu, kwa hiyo mama ameanza kuweka dola 10 kila mwezi. Pesa ya bibi haikuguswa.

Bibi alitumiwa video kwa WhatsApp. Aliuliza kama barafu hiyo haivunjiki.