Madam, Gari Iko Sawa

Mara ya kwanza lilinizimikia Thika Road, karibu na Roysambu, saa kumi na moja na nusu jioni. Hakuna mlio, hakuna moshi. Usukani ukawa mzito, breki zikakaza. Nyuma yangu matatu ikapiga honi kana kwamba mimi ndiye niliyeamua kusimama pale. Kiti cha nyuma alikuwa binti yangu wa miaka mitano, bado na sare ya shule.

"Mami, tumefika?"

Sijui nililitoaje kando. Niliwasha hazadi, nikangoja dakika ishirini, nikajaribu tena. Likawaka kama mtu asiye na hatia.

Kesho yake asubuhi nikalipeleka kwa wale walioniuzia, Industrial Area. Sakafu inang'aa, kahawa ya bure, mafundi wana ovaroli zisizo na doa. Wakaunganisha kompyuta, wakalizungusha mtaani robo saa, wakaniita.

"Madam, gari iko sawa."

Nikalipia ukaguzi, nikaenda. Wiki mbili baadaye likazima Pangani. Wakabadilisha chujio la petroli. Mara ya tatu, pluga. Mara ya nne, yule wa mapokezi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika siachi mafuta yaishe. Kisha: "Kwani nani mwingine huiendesha?" Yaani, hakuna mwanamume nyumbani tuongee naye?

Nilianza kujitilia shaka. Labda kuna kitu nakanyaga vibaya. Binti yangu naye akawa na swali lake kila tunapofunga mikanda: "Leo itazima?"

Ndipo nikanunua daftari la shule, lile jembamba. Kila lilipozima niliandika saa, mahali, nimeendesha kwa muda gani, mafuta kiasi gani, kama kuna jua au mvua. Kurasa mbili zilitosha. Halikuwahi kuzima asubuhi, hata siku moja. Lilizima jioni, kwenye jam, injini ikiwa imechemka zaidi ya dakika arobaini. Na likipoa, linawaka. Wao walikuwa wakilipima asubuhi, likiwa baridi.

Nikarudi saa kumi jioni, nikaweka daftari mezani. "Leo sitaki muiangalie hapa. Nataka mtu mmoja aingie twende jam."

Wakanipa fundi mdogo kuliko wote. Tukashika Lusaka Road, tukaingia Uhuru Highway, tukatambaa. Aliongea kidogo. Nusu saa, dakika arobaini. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa naomba gari lizime.

Lilizima tukikaribia Museum Hill.

"Piga stata," akasema, macho kwenye dashibodi. Stata ilizungusha injini vizuri, lakini mshale wa kuhesabu mizunguko ulilala sifuri, hautikisiki. "Aah," akasema. Akafungua boneti, akachukua chupa yangu ya maji ya kunywa, akamwaga polepole mahali fulani chini, ubavuni mwa injini.

"Jaribu sasa."

Likawaka.

Ilikuwa sensa ya krenkishafti, akanieleza tukiwa bado tumewasha hazadi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, na iko wapi kwenye mzunguko wake. Ndani yake kuna waya mwembamba. Ukichoka, joto linaukata, ukipoa, unaungana. Sensa ikinyamaza, kompyuta inadhani injini imesimama, inafunga petroli. Na wakati mwingine haiandiki kosa lolote.

Kwa hiyo kompyuta haikudanganya. Mimi pia sikudanganya. Gari lilikuwa likiugua saa ambazo hakuna fundi aliyekuwapo.

Kile kifaa kilikuwa kidogo, kinatosha kiganjani. Bei yake haikufika hata nusu ya nilizolipia kuambiwa gari iko sawa. Yule wa mapokezi aliniletea risiti bila kusema pole. Fundi mdogo ndiye aliyenifuata hadi mlangoni, akaomba alipige picha daftari langu.

Jioni ile tukafunga mikanda.

"Mami, leo itazima?"

Nilikuwa na jibu. Lakini nilingoja kwanza tupite Roysambu.