Tairi la Siku Moja

Mimi ni karani hapa Nyanga, na siku nyingi pikipiki yangu hupita lami ya mjini Bukoba. Basi nilinunua tairi la nyuma lenye mifereji myembamba, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Njia za udongo za Muleba, nilisema, nazipita mara chache.

Mwezi wa Aprili nilimpakia mama kwenda huko. Masika yakatukuta mteremkoni. Udongo mwekundu ukaijaza mifereji ile, tairi likawa kama sabuni, tukaanguka. Mama akavunjika mkono.

Baadaye fundi akanieleza: tairi la meno makubwa hushika matope, lakini kwenye lami yenye maji hushika kidogo, maana mpira unaogusa chini ni mchache. Apitaye kote kuwili achague meno ya kadiri na mifereji mipana. Tena asome tarakimu nne ubavuni: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani hukauka.

Ndugu, usihesabu siku njema tu. Mama hakunilaumu, lakini kila nimwonapo akipalilia kwa mkono mmoja, najilaumu mwenyewe.