Benzi la Babu na Matairi ya Bumu Langu

Bwenini kwetu wananiita "dada wa Benzi", na wakishaniita hivyo wanacheka, maana wanajua kuwa mwezi ukifika tarehe ishirini naanza kuazima chumvi. Benzi si langu. Ni la babu yangu mzaa mama, liko Morogoro, na umri wake unakaribia mara mbili ya wangu. Naandika habari zake kwa sababu mwaka jana nusura nimuue nalo mwenyewe, kwa zawadi niliyomnunulia mimi.

Babu alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Miaka ya tisini shirika lile lilipobinafsishwa, mali zikapigwa mnada, naye akanunua gari lilelile alilokuwa akimwendeshea mkurugenzi. Ni Mercedes-Benz 240D, toleo ambalo mafundi wanaliita W123. Lilizinduliwa 1976 na likaendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya themanini, na yalitoka zaidi ya milioni mbili na nusu. Kule Ujerumani lilikuwa gari la teksi. Huku kwetu lilikuwa gari la mkubwa, hadi tukawa na neno Wabenzi. Babu hupenda kusema kwamba yeye naye alikuwa Mbenzi, ila wa kiti cha mbele.

Sasa, gari likikaa kwa mstaafu halibaki gari la mkubwa. Lile Benzi limebeba mahindi, mbuzi, mabati, na maiti ya jirani mara moja. Nyuma likaanza kushuka, na upande wa kushoto ukashuka zaidi. Ukilitazama kwa nyuma unaona kabisa linachechemea. Usiku madereva wanaokuja mbele walikuwa wanatuwashia taa kali wakidhani tumewasha fulu. Kumbe nyuma ikishuka pua inainuka, na taa za kawaida zinawapiga watu machoni. Matairi ya nyuma nayo yalikuwa yanaliwa upande wa ndani tu, huku nje yana kashata nzuri.

Babu alikuwa na kipimo chake cha kimo cha gari: anaingiza vidole kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Kulia viliingia vinne vikalegea. Kushoto viliingia vitatu kwa shida. "Limezeeka upande mmoja, kama mimi," alisema. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu.

Ndipo akatoa ombi. Nilikuwa likizo, namsaidia kuosha gari.

"Mchumba, hicho chuo chako nitakiona lini?" Mimi ni mchumba wake tangu nizaliwe, na bibi analijua hilo.

"Babu, ni mbali."

"Dodoma ni mbali? Nimeenda Dodoma na mkurugenzi nikarudi siku hiyohiyo. Nataka nikupeleke mwenyewe, kabla macho hayajafunga duka."

Bumu lilipoingia, nikaamua. Chakula tutakula kwa kuchangishana, matairi kwanza. Nikaenda kwa muuza matairi ya mtumba, nikamwambia ni ya Benzi, rimu ya inchi 14. Akaniletea manne yanang'aa meusi, kashata zimesimama kama mapya, ukubwa 185/65 R14. Elfu hamsini moja. Nikalipa mawili matano ya bumu langu bila kujiuliza swali hata moja. Mimi, ninayesomea ualimu wa Fizikia na Hisabati! Yaani namba zote zilikuwa zimeandikwa ubavuni mwa tairi, na mimi nikatazama rangi.

Tulipoyafunga, Babu akaingiza vidole vyake. Viliingia vinne pande zote, kushoto vikikaza kidogo. Alifurahi mno. "Umeliinua, mchumba!" Na mimi nikafurahi.

Hapo ndipo wote wawili tulipodanganyika, na nitaeleza, kwa sababu hesabu yake ni ya kidato cha pili. Kitabu cha gari kinasema tairi lake ni 175 SR 14, ambalo kipenyo chake kinakaribia milimita 640. La 185/65 R14 unalipata hivi: asilimia 65 ya 185 ni kimo cha ubavu, zidisha mara mbili, jumlisha na inchi 14 za rimu. Jibu ni 596. Tairi dogo linaacha nafasi kubwa chini ya madigadi, kwa hiyo vidole vinaingia. Lakini gari zima limeshuka karibu milimita 22 kuelekea barabarani. Hatukuinua kitu, tulishusha. Na mshale wa spidi ukionyesha 80, wewe unakwenda 74 au 75.

Hilo lingekuwa kosa la kuchekesha tu kama si lile jingine.

Tulitoka Morogoro saa nne, jua limeshakuwa kali. Babu amevaa koti. Tulipita Dumila tunaongea, anaonyesha mahali alipowahi kulala na mkurugenzi gari lilipoishiwa dizeli. Mbele kidogo, kabla ya Gairo, nikasikia mlio kama mtu amepiga bati kwa rungu, na nyuma kushoto kukaanguka. Gari likavuta kuelekea korongoni. Kulikuwa na lori la mizigo linakuja.

Babu hakukanyaga breki. Nakumbuka mguu wake ukiondoka taratibu kwenye mafuta na mikono yake imeshika usukani kama ameshika ng'ombe. Aliacha gari lijichokee lenyewe, akaliingiza pembeni lilipokuwa linatambaa. Lori likapita. Mimi nilikuwa nimepiga kelele, ila sikumbuki.

Tulishuka. Tairi lilikuwa limechanika, kamba zinaning'inia kama nywele. Babu akapapasa ubavu wake, akawa anasogeza uso karibu, halafu akakata tamaa. "Soma hapa. Palipoandikwa DOT. Namba nne za mwisho."

Nikasoma: 2411.

"Wiki ya ishirini na nne, mwaka elfu mbili na kumi na moja," akasema. Wiki ile mimi nilikuwa darasa la pili. Tairi lilikuwa na kashata nzuri kwa sababu lilikuwa limekaa stoo sehemu fulani ya dunia likisubiri mjinga. Mpira unazeeka hata usipotembea: unakauka, unapasuka ndani kwa ndani, halafu ukikutana na joto, mzigo na mwendo, unaachia. Kung'aa kule kulikuwa dawa ya kupaka.

Nilingoja anigombeze. Akauliza, "Ulinunua kwa pesa ya chakula?"

Nikasema ndiyo.

Akafungua buti atafute jeki. Hatukuongea tena hadi tuligeuza gari na kurudi Morogoro kwa tairi la akiba, kilomita arobaini kwa saa. Nilipanda basi kesho yake. Bibi ananiambia Babu hakula usiku ule, na hakuvua koti.

Muhula ule ndio tuliokwenda mafunzo ya vitendo. Nilipangiwa kufundisha kanuni ya Hooke, springi na mawe kwenye kopo, na kila nilipochora springi ubaoni nilikuwa naona ile Benzi. Nikaanza kuuliza mafundi. Wa kwanza alitaka kuchomeka vipande vya mpira katikati ya springi za nyuma. Linainuka kweli, ila unazuia mizunguko kadhaa isifanye kazi na springi inapata shida palepale ulipobana. Binamu yangu, anayekodisha magari ya harusi, yeye alitaka tukate springi za mbele lishuke lifanane na nyuma, "likae kibabe". Nikamwambia ukikata mzunguko mmoja kati ya minane, springi inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 14, na gari zuri linageuka mkokoteni. Aliniambia walimu ndio maana hatuolewi.

Fundi wa tatu, mzee wa pale Morogoro aliyewahi kufanya kazi na Babu, alicheka tu. Akatuonyesha kitu ambacho kimekuwemo kwenye gari miaka yote: juu ya kila springi, inapogusana na bodi, kuna pete ya mpira. Pembeni mwa pete kuna vinundu vya kuhesabu kwa kidole. Kinundu kimoja, unene wa milimita 8. Viwili, 13. Vitatu, 18. Wajerumani walijua kwamba springi mbili hazifanani kabisa, kwa hiyo wakaweka namna ya kusawazisha kila pembe bila kukata wala kuchomeka chochote.

Alitufundisha pia kupima. Gari kwenye sakafu tambarare, upepo sawa kwenye matairi, tanki lijulikane lina kiasi gani, ulisukume mbele na nyuma na kulitikisa ili likae. Kisha futi inaanzia katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Si kutoka chini, na si kwa vidole, maana kipimo cha katikati hakijali tairi ni kubwa au dogo. Kulia: milimita 340. Kushoto: 317.

Springi zilipotoka (hapo nilifukuzwa nikasimame mbali, maana springi iliyobanwa ikiponyoka haichagui) tulikuta pete ya kushoto ina kinundu kimoja na imebonyea kama chapati. Ya kulia vinundu viwili. Tukaagiza Dar, zikaja kwa basi: viwili kulia, vitatu kushoto. Na kwa kuwa springi imekaa katikati ya mkono unaoshika gurudumu, si kwenye gurudumu lenyewe, kila milimita unayoongeza pale juu inazaa zaidi ya milimita moja huku nje. Ni nyenzo, jamani, ileile ya darasa la kwanza la Fizikia. Jioni tukapima: 345 na 341. Magurudumu, ambayo vichwa vyake vilikuwa vimelalia ndani na kuwala matairi, yakasimama.

Matairi nilinunua mapya safari hii, 195/70 R14, ambayo nayo yalifungwa kiwandani kwenye baadhi ya W123. Kipenyo 629, karibu kabisa na la asili. Ubavuni yana 91, maana yake kila moja linabeba kilo 615. Yale ya mtumba yalikuwa na 86, kilo 530. Na kabla sijatoa hata shilingi, niliinama pale dukani nikasoma DOT ya kila moja, muuzaji ananitazama kama mwendawazimu. Niliweza mawili tu. Mengine mawili yalisubiri bumu lililofuata, na gari likakaa juu ya matofali miezi kadhaa. Sijui kama bado nina deni la unga kwa mtu, kama lipo anikumbushe.

Katika miezi hiyo jicho la pili la Babu nalo likaanza. Mimi nikasoma udereva, nikapata leseni.

Tulikuja mwezi uliopita. Mimi kulia, yeye kushoto, na koti lake. Tulipofika pale kabla ya Gairo nilishikwa na jasho la mikono. Yeye alikuwa anatazama mbele, na nadhani alikuwa anaona mwanga tu na vivuli, lakini akasema, "Ni hapa." Sikujua amejuaje. Akaongeza, "Usikanyage kitu. Pita tu."

Tulipoegesha mbele ya ukumbi wa mihadhara, kuna wenzangu walikuwa wameshaanza kupiga picha na gari. Babu alishuka, akaenda nyuma akilishika gari kwa kiganja, akafika gurudumu la kushoto, akaingiza vidole. Vinne, vikalegea kidogo. Akaja kulia, akafanya vilevile. Akasimama akifikiri.

"Bado milimita nne," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Mwanga wangu mbovu lakini vidole havijambo." Akanyoosha mkono nimshike. "Haya, mwalimu, nipeleke nikakae kwenye hilo darasa."