Kudai Haki Si Tamaa

Jambo nitakalowasimulia lilitupata sisi wenyewe nyumbani kwetu. Nalisimulia kwa sababu karibu nitende kosa kubwa kwa mkono wangu mwenyewe, nami sipendi mwingine alitende.

Mdogo wangu alikuwa mchuuzi wa makala. Kila juma alinunua magunia porini, akayafunga juu ya baiskeli, akaisukuma mpaka Lubumbashi kandokando ya barabara kubwa itokayo Likasi. Mnaoijua barabara ile mnayajua na makamyo yake: usiku na mchana yanachukua shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi kwenda mpaka wa Kasumbalesa, na kuingia Zambia. Jioni moja, katika mteremko, kamyo moja ilishindwa kusimama. Ikamgonga mdogo wangu, ikamvunja mguu mahali pawili, ikaponda baiskeli yake, na makala yakatapakaa njiani.

Vijana wakakusanyika wenye mawe mikononi. Walitaka kumpiga shofere na kuichoma kamyo. Lakini mama mmoja, aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, alisimama mbele yao akasema: «Wanangu, mkiichoma, nani atajua kama breki zake zilikuwa nzima?» Mama huyo hakusoma shule, lakini neno lake lilitusaidia kuliko hasira yetu yote. Polisi walikuja, wakapima njia, wakaandika majina ya walioona kwa macho, wakaandika pia ya kuwa breki zilikuwa zimekwisha.

Siku ya tatu karani wa mwenye kamyo alifika hospitalini. Alileta machungwa, maneno laini, dola 200, na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kifaransa. Deni la dawa lilikuwa limekwisha kupita nguvu zetu. Mjomba wetu akasema: «Pokeeni, wanangu. Mnyonge hana haki.» Nami, naungama, nilikuwa nimekwisha kuzigawanya dola zile moyoni. Nilitwaa karatasi ili nimwonyeshe mdogo wangu mahali pa kutia kidole. Yeye akanitazama, akasema: «Kaka, wewe ni mwalimu. Unisomee kwanza.»

Nikaona haya, nikasoma. Karatasi ilisema ya kuwa aliyeumizwa amekwisha kulipwa yote, wala hatadai tena neno lolote, mbele ya mwamuzi au kwa tajiri, hata milele. Yaani mguu mzima, na kazi yake ya miaka yote ijayo, kwa dola 200! Nilimrudishia karani karatasi yake kwa heshima. Naye akarudisha dola zake mfukoni, akaenda. Usiku ule mama yetu alilia. Ni majirani na Wakristu wenzetu wa mtaa waliochanga fedha ya dawa.

Baadaye wakili mmoja alitufumbulia sheria. Katika Kongo, amri ya tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu cha 258, yasema ya kuwa kila mtu anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima atengeneze alichoharibu. Kifungu cha 260 chaongeza ya kuwa bwana hujibu kwa ajili ya madhara yanayofanywa na mtumishi wake katika kazi aliyomtuma. Maneno hayo ni ya zamani, lakini yangali na nguvu. Tena, tangu mwaka 1973, sheria inamlazimisha kila mwenye motokari kuwa na bima kwa ajili ya watu atakaowadhuru. Basi mnyonge anayo haki. Lakini asipoidai, hakuna atakayemletea nyumbani.

Mjomba aliuliza swali lingine, na pengine ninyi pia mnaliuliza: «Je, Mkristu anayedai malipo amesamehe kweli?» Nilimjibu ya kuwa hata katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aliyempiga mwenzake anaagizwa kumlipa kwa siku alizokosa kazi, na kumwuguza mpaka apone. Kusamehe ni kuondoa chuki moyoni. Hakumfungulii mwenye mali deni la mguu aliouvunja.

Shauri lilipofika mbele ya tribunali, shofere alishtakiwa kwa kuumiza bila kukusudia, na mdogo wangu akaomba malipo katika shauri hilohilo. Hapo shofere akasema, machozi yakimtoka, ya kuwa mara tatu alikuwa amemwambia bwana wake habari za breki, na mara tatu alijibiwa: «Ukiogopa, wako wengine wanaotafuta kazi.» Nilikuwa nimemchukia mtu yule miezi mingi. Siku ile niliona ya kuwa naye alikuwa amewekwa njiani kama sisi.

Shauri lilichukua miezi kumi na minne. Mwenye kamyo aliamriwa kulipa dawa, baiskeli, siku za kazi zilizopotea, na kilema cha mguu. Hatukupata yote tuliyoomba, na fedha ilikuja kwa mafungu matatu. Mdogo wangu angali anachechemea. Lakini kwa fedha ile alinunua vyombo vya kutengenezea baiskeli, naye anakula jasho lake mwenyewe. Nje ya tribunali alimpa shofere mkono.

Basi, wasomaji, likiwapata jambo kama hili, kwanza mpelekeni mgonjwa kwa mganga, na mzuieni kila mtu asiguse motokari wala dereva wake. Andikeni namba ya motokari, ya bima yake, na majina ya walioona. Ombeni hati ya mganga inayoeleza jeraha na kilema kinachobaki. Wekeni kila karatasi ya malipo, hata ya kidonge kimoja. Asiye na fedha ya wakili aende kwa chama cha mawakili: sheria ya mwaka 1979 inawaagiza kuwa na ofisi ya kuwashauri maskini bure.

Na mtu akiwaletea karatasi penye kitanda cha mgonjwa, msimtukane, wala msifanye haraka. Mwambieni aiache, mtafute wa kuisoma. Mwenye neno la haki haogopi kungoja siku mbili.