Fundi na Mvumo wa Stima

Mtambo uliokufa kabisa haumsumbui fundi. Fyuzi imekatika, au transfoma imeungua, au mende wamehamia ndani. Saa moja haiishi kabla jambo halijajulikana. Kinachomla fundi muda ni mtambo mzima, unaoshika stesheni zote na kupiga kanda bila kukwama, ila nyuma ya udi na ngoma kuna "mmmmm" isiyokoma. Fundi wa kumbukumbu hizi ameishi na mlio huo tangu miaka ya 1980, kazi yake yote ikiwa upande wa bara ya Mombasa: Changamwe kwanza, kisha Kisauni, na wateja wengi Likoni. Ukimpa nafasi ya kusema neno moja tu kuhusu ufundi wake, atakwambia kwamba mara nyingi mvumo haumo ndani ya mtambo. Umo ndani ya nyumba.

Alijifunzia Magongo, kwa mzee mmoja aliyewahudumia watu wa bandari, wa uwanja wa ndege na wa kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa Changamwe mwaka 1963. Mtu akilipwa ovataimu nzuri alinunua risiva ya Kijapani, deki ya kanda na spika mbili za mbao zilizojaza nusu ya sebule. Taarab ya Juma Bhalo na ya Zein l'Abdin ilikuwa ikienea kwa kanda, nakala ya nakala, na kila nakala ilizidi kuchakacha. Mteja aliileta risiva kwa kosa la kanda. Ndiyo maana mzee hakumruhusu mwanagenzi kushika bisibisi kabla hajauliza. Sauti ukiishusha hadi sifuri, mvumo unabaki? Ukigeuza swichi kutoka kanda kwenda redio, unabadilika? Na je, unatoka kwenye spika, au ni sanduku lenyewe linalotetemeka?

Hilo la mwisho watu hulicheka, lakini transfoma yenye mabati yaliyolegea huvuma yenyewe hata spika zikichomolewa. Ukiweka kiganja juu ya kifuniko unausikia kwa vidole.

Baada ya maswali, masikio. Stima ya Kenya ni volti 240, nayo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mvumo ulioingia kupitia waya mbovu au athi, yaani waya wa kwenda ardhini, huwa na mizunguko hiyo 50, mzito, wa chini kabisa. Ndani ya risiva, dayodi nne huyageuza mawimbi yote yaelekee upande mmoja, na kwa hivyo kila wimbi linakuwa vilima viwili. Mvumo unaotokea hapo ni wa 100, oktavi moja juu, wenye ukali kidogo. Mzee wa Magongo alikuwa akiimba zote mbili kwa koo lake, na mwanagenzi alitakiwa aseme ni ipi kabla mtambo haujafunguliwa. Shule hiyo haikuwa na cheti, lakini mpaka leo fundi husikiliza mtambo akiwa amefumba macho, na wateja wapya humdhania anaomba dua.

Wa 100, unaobaki vilevile hata sauti ikishushwa mpaka sifuri, mara nyingi ni kapasita. Ni ile mikebe miwili minene karibu na transfoma, mikrofaradi 10,000 kila mmoja katika risiva kubwa. Kazi yake ni kama ya mtungi katika nyumba ya Likoni ambako mfereji hauaminiki: hujaa maji yanapokuja, hutoa yanapokatika, na wa ndani hawajui kulikuwa na upungufu. Ndani ya mkebe mna majimaji, na majimaji hayo hukauka. Joto ndilo adui. Kanuni ya watengenezaji wa kapasita ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri hupungua karibu nusu. Mombasa ina joto lake la bure, na juu ya hilo akina mama waliifunika risiva kwa kitambaa cha kusuka kwa mkono, cheupe, chenye maua, kilichoziba matundu yote ya hewa. Fundi amebadilisha kapasita nyingi zilizopikwa chini ya vitambaa vizuri sana. Akirudisha mtambo hukikunja kitambaa na kukiweka juu ya spika, na akirudi mwezi ujao hukikuta kimekwisha rudi mahali pake.

(Wanaojaribu nyumbani wajue jambo moja: mikebe hiyo hushika chaji hata baada ya plagi kutolewa. Yeye huitoa chaji polepole kwa rezista. Wako wanaotumia ncha ya bisibisi, na bisibisi zao utazijua kwa alama za kuungua.)

Vinanda vya santuri vina tabia yao. Sindano hutoa milivolti chache tu, na risiva huzikuza mno, hasa za besi, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa. Kwa hivyo chembe yoyote ya stima inayoingia hapo hukuzwa pamoja na muziki. Karibu kila mara dawa ni kiwaya chembamba chenye kichwa cha uma, kinachoninginia nyuma ya kinanda bila mwenye nyumba kujua kazi yake. Kifunge kwenye skrubu ya risiva, basi.

Kisa anachopenda kukisimulia zaidi kilitokea Mtongwe, upande wa Likoni, baada ya televisheni za Kenya kuhamia dijitali mwaka 2015 na kila sebule kupata kisanduku kipya. Mzee mmoja alivuka feri kwa miguu, risiva begani mwa mjukuu, wakapanda matatu hadi Kisauni. Kwenye meza ya fundi mtambo ulikuwa kimya kabisa. Wakarudi nao. Jioni simu ikalia.

"Mwanangu, kwako yanyamaza, kwangu yavuma. Ina jini hii?"

"Haina jini, mzee wangu. Usiilete tena. Nitakuja mimi niisikilize hapo hapo."

Alipofika alikuta risiva imeungwa na vitu viwili: kisanduku cha televisheni, ambacho waya wake ulipanda hadi kwenye dishi lililofungwa kwa mlingoti wa chuma uliosimikwa uani, na kompyuta ya mjukuu, yenye plagi ya miguu mitatu. Hakufungua kitu. Alianza kuchomoa, kimoja kimoja. Alichomoa kompyuta: kimya. Akairudisha, mvumo ukarudi. Akachomoa waya wa dishi: kimya tena. Maana yake ni kwamba vyombo hivyo vilikuwa na athi mbili, moja ya soketi na nyingine ya mlingoti. Athi hizo hazikuwa sawa, na ile tofauti yao ndogo ilikuwa ikipita ndani ya waya wa muziki.

Hapo ardhi yenyewe inaingia kwenye hadithi. Sehemu kubwa ya Likoni na Kisauni iko juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Msumari wa athi uliopigwa futi mbili na fundi mwenye haraka unakuwa pambo tu. Udongo mzito wa Changamwe hushika unyevu, na athi ya huko humsaidia mtu hata asipostahili.

Jirani alikuwa ameshatoa ushauri: kata waya wa athi wa kompyuta. Kweli, mvumo ungekoma. Hapa ndipo fundi huyu, mpole kwa mengine yote, hupandisha sauti. Athi ndiyo inayoupeleka umeme ardhini na kukata fyuzi siku waya wa moto unapogusa bati. Ikikatwa, siku hiyo bati lenyewe linakuwa volti 240, na watoto wa nyumba hiyo hutembea miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki. Amekwisha kuona soketi nyingi ambazo tundu la juu limesukumwa kijiti cha kiberiti ili plagi ya miguu miwili iingie. Kila akikikuta hukitoa, akauza plagi ya sawasawa kwa bei aliyonunulia.

Kwa mzee wa Mtongwe alitumia transfoma mbili ndogo alizozitoa kwenye modemu za simu zilizotupwa, zile zinazopitisha sauti bila kuunganisha nyaya, akazilehemu katikati ya waya wa kompyuta na risiva, moja kwa kila upande. Athi ikabaki, mvumo ukaisha. Besi ya kompyuta ilipungua kidogo. Mjukuu alilalamika, mzee hakujali, maana yeye alitaka taarifa ya habari na kaswida.

Tatizo likabaki malipo. Mzee alimtazama mgeni wake aliyekunywa kahawa, akachomoa waya, akalehemu vitu viwili vidogo kuliko kiberiti, na risiva haikufunguliwa hata skrubu moja.

"Sasa nakulipa nini, fundi?"

Walikubaliana nauli, transfoma na kitu kidogo juu yake, pamoja na mkungu wa ndizi kutoka uani. Siku hizi ada ya kwenda nyumbani kwa mtu hutajwa kwenye simu kabla hajafika kwenye feri, na bei ya kufungua mtambo huja baadaye, kama utafunguliwa.